El Clan au El Ángel: ipi uanze nayo ukiwa na bando la filamu moja

Aliyekulia kwenye vibanda vya video analijua swali la kwanza la mtu aliyeingia kachelewa: "Stelingi nani?" Akishaonyeshwa anatulia. Stelingi hafi, na adui hata akimbie vipi atapatikana kabla taa hazijawashwa. Filamu mbili ninazozipambanisha hapa zinamnyima mtazamaji utulivu huo. Zote ni za Argentina, zote zimeigizwa kwa Kihispania, zote zinarudi miaka mingi nyuma kwenye uhalifu uliotokea kweli, na katika zote mbili stelingi ndiye adui. Hakuna mpelelezi wa kumshangilia. Unaingia nyumbani kwa muuaji, unakaa mezani kwake, unamsikia akiongea na mkewe au mama yake, na siku polisi wakigonga mlango unajikuta umeshamzoea.

Ya kwanza ni El Clan ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Pablo Trapero. Ya pili ni El Ángel ya 2018, kazi ya Luis Ortega. Ukiniuliza uanze na ipi na bando lako linatosha moja tu, nitakwambia El Clan. Lakini yupo mtu mmoja niliyemwambia aanze na El Ángel, tena bila kusita, na sijutii. Kwa hiyo jibu fupi halitoshi.

Baba mwenye ufagio

San Isidro iko kaskazini mwa Buenos Aires, na ni ushuani hasa: nyumba za zamani, kanisa kubwa, klabu za raga, watu wanaojuana kwa majina ya koo. Hapo ndipo walipoishi akina Puccio. Baba, Arquímedes, aliwahi kufanya kazi za kidiplomasia serikalini na alikuwa na watu wake kwenye ujasusi. Mama alikuwa mwalimu. Watoto walikuwa watano, na mmoja wao, Alejandro, alikuwa fahari ya mtaa: mchezaji raga wa klabu ya CASI aliyefika mpaka timu ya taifa, Los Pumas. Familia ilikuwa na duka la vifaa vya michezo ya majini. Na kitu ambacho majirani walikuja kukikumbuka zaidi kuhusu baba ni ufagio. Alikuwa akifagia njia mbele ya nyumba yake kwa saa ambazo mtu wa kawaida hafagii, hata wakamtania kuwa ni kichaa wa ufagio.

Kati ya 1982 na 1985, baba huyo, baadhi ya wanawe na wenzao wachache wa nje waliwateka watu wanne kwa ajili ya pesa. Watatu waliuawa, wawili kati yao baada ya jamaa zao kuwa wameshalipa. Wa nne, mwanamke mfanyabiashara wa miaka 58, alikutwa hai kwenye chumba cha chini ya nyumba tarehe 23 Agosti 1985, akiwa amefungiwa humo mwezi mzima. Wa kwanza kutekwa alikuwa kijana anayefahamiana na Alejandro. Alisimamisha gari kwa sababu aliyekuwa akimpungia mkono barabarani alikuwa mtu wake.

Trapero angeweza kuigeuza hadithi hii iwe ya risasi na magari ya kukimbizana. Yeye kaifanya ya nyumbani, na ndiyo maana inatisha. Kuna tukio moja ambalo linatosha kuieleza filamu nzima. Arquímedes yuko jikoni, anachukua sahani ya chakula. Kamera inamshika mgongoni na haimwachi. Anapita wanapokaa wanawe, anasemezana nao maneno ya kawaida, maneno ya baba yeyote saa ya chakula cha jioni. Anapanda ngazi na sahani yake mkononi, anapita ukumbini, anafungua mlango wa bafu. Ndani ya bafu kuna mtu amefungwa. Hakuna pahala picha ilipokatwa, kwa hiyo huwezi kujidanganya kwamba bafu lile liko nyumba nyingine. Ni hatua chache kutoka kwenye madaftari ya watoto.

Siku ya kwanza niliiangalia na shemeji yangu, mke wa kaka. Alikuwa amekaa pembeni na ungo wake anapeta mchele, macho nusu kwenye televisheni.

"Shemeji, hiyo sahani anampelekea nani?"

"Subiri uone."

Mlango wa bafu ulipofunguka akauweka ungo chini. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Na hao watoto hawasikii?"

Hakuna uchambuzi niliousoma wa El Clan unaolishinda swali hilo. Kelele za mateka zinapopanda, muziki nao unaongezwa sauti, na mtu mmoja mmoja mezani anaamua la kufanya na masikio yake. Mmoja anakula. Mmoja anaaga kwenda nje ya nchi na harudi. Mmoja anajua kila kitu na bado anamshikia baba gari. Mama je? Filamu haikupi jibu la moja kwa moja, na jinsi Lili Popovich anavyomwigiza, akihesabu, akipakua, akiuliza nani hajala, unabaki unamtazama mikono kuliko uso.

Asubuhi yake jirani yetu alianza kufagia uwanja alfajiri kama kawaida yake. Shemeji alichungulia dirishani, akarudi kulala huku anacheka peke yake.

Kijana anayecheza muziki kwenye nyumba ya watu

El Ángel inaanza kwa furaha. Kijana mwenye nywele za dhahabu zilizojikunja, uso wa mtoto wa kwaya, anaruka ukuta wa nyumba ya kitajiri mchana kweupe. Hana haraka. Anazunguka vyumbani kama mgeni aliyekaribishwa, anashika hiki, anatazama kile. Halafu anaweka santuri na kuanza kucheza peke yake sebuleni. Wimbo ni El extraño del pelo largo wa bendi ya La Joven Guardia, uliovuma sana Argentina zama hizo, na kijana anaucheza kwa uzito wote, mabega na kiuno, kana kwamba nyumba ni ya baba yake. Kabla dakika ya kumi haijafika umeshampenda. Hapo ndipo Ortega alipotaka kukufikisha, maana bado hajakuonyesha bastola.

Kijana huyo ni Carlos Robledo Puch. Kuanzia Machi 1971 mpaka Februari 1972 aliua watu 11, wengi wao wakiwa wamelala au wamempa mgongo, walinzi wa usiku wakiwemo. Alikamatwa wiki chache tu baada ya kutimiza miaka 20. Mwaka 1980 alihukumiwa kifungo cha maisha, na kwa zaidi ya nusu karne amekuwa nyuma ya nondo, muda mrefu kuliko mfungwa mwingine yeyote wa Argentina. Magazeti ya wakati ule yalichanganyikiwa na sura yake. Yalizoea muuaji awe na uso wa muuaji, yakakutana na huyu. Ndipo akaitwa Malaika wa Kifo, na jina la filamu likatoka huko.

Lorenzo Ferro, aliyemwigiza, hakuwahi kuigiza filamu kabla ya hii. Nadhani imesaidia. Mwigizaji mzoefu angetafuta sababu: alipigwa utotoni, alikataliwa, ana hasira na matajiri. Ferro hatafuti chochote. Anaua kama mtu anayezima taa akitoka chumbani. Nyumbani kwao hakuna tatizo: baba mchapakazi, mama (Cecilia Roth) anayekaanga nyama na kuuliza kitu hiki kipya kimetoka wapi, na mtoto anajibu ameazimwa na rafiki. Mama anajua rafiki wa aina hiyo hayupo, lakini chakula kinapoa, basi mazungumzo yanaishia hapo. Ukiwa umeshaiona El Clan utaona kwamba meza ya chakula ni ile ile, ila waliokaa wamebadilishana viti: kule mtoto anajifanya hajui ya baba, huku wazazi wanajifanya hawajui ya mtoto.

Kuna pia Ramón, rafiki anayekutana naye shuleni, ambaye baba yake ni mhalifu mzoefu na anampokea Carlos, au Carlitos kama filamu inavyomwita, kama mwana aliyekuwa akimsubiri. Chino Darín kamwigiza Ramón kwa sura ya mtu anayetaka umaarufu kuliko pesa. Kati ya vijana hao wawili kuna mvuto ambao filamu haiutaji kwa jina, inauacha hewani kama harufu, na sehemu kubwa ya wasiwasi wa hadithi inatoka humo kuliko kwenye wizi wenyewe.

Ipi imesema kweli zaidi

Hapa ndipo ninapotofautiana na mashabiki wa El Ángel, na kwa mtu anayechagua filamu kwa sababu imeandikwa "kisa cha kweli" ni jambo la kulipima.

El Clan imebaki na majina halisi ya familia na imefuata mpangilio wa matukio kwa karibu. Inarukaruka nyakati, kwa hiyo dakika za mwanzo zinaweza kukupoteza kidogo, na ndani yake zimepachikwa picha halisi za televisheni za viongozi wa wakati ule. Ukienda kusoma kesi baada ya kuiangalia, hutajiona umedanganywa.

El Ángel imejipa uhuru mwingi. Washirika wa Robledo Puch wamepewa majina mengine. Carlitos wa filamu ana miaka 17, wakati wa kweli alikuwa na 19 alipoanza kuua. Hayo mimi nayasamehe, ni haki ya msanii. Nisichoweza kukisamehe kirahisi ni kwamba kwenye kesi halisi walikuwemo wanawake waliotekwa, wakashambuliwa kingono, kisha wakauawa, na filamu imewaondoa wote. Ukiwaweka, ule uzuri wote wa nywele na muziki unaanguka. Mtazamaji hawezi tena kucheza naye sebuleni. Ortega alilijua hilo, naamini, na akachagua uzuri. Ni chaguo la kisanaa, sawa. Lakini unapoiangalia, jua kwamba malaika uliyeonyeshwa ameoshwa kwanza.

Ajabu ni kwamba mmoja wa walioandika hadithi ya filamu hiyo ni Rodolfo Palacios, mwandishi wa habari aliyemhoji Robledo Puch gerezani na kuandika kitabu juu yake. Kwa hiyo ukweli ulikuwepo mezani. Hawakuukosa, waliuacha.

Nchi iliyokuwa nyuma yao

El Ángel unaweza kuiangalia bila kujua chochote kuhusu Argentina. Mwaka 1971 jeshi lilikuwa madarakani, unaona askari hapa na pale na polisi wenye mikono mizito, basi. Ni filamu ya mtu mmoja na kichwa chake.

El Clan inahitaji maelezo kidogo, na ukiyapata inakuwa filamu nyingine kabisa. Kati ya 1976 na 1983 Argentina ilitawaliwa na majenerali waliowakamata raia usiku, wakawafungia vituo vya siri, wakawatesa na kuwapoteza. Tume iliyoundwa baadaye iliorodhesha watu 8,961 waliopotezwa, na mashirika ya haki za binadamu yanataja 30,000. Kulikuwa na watu ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa hiyo: kumvamia mtu barabarani, kumfunika uso, kumtia ndani ya gari, kumweka chumba kisicho na dirisha. Halafu 1982 jeshi likashindwa vita vya visiwa vya Malvinas (Falkland) dhidi ya Uingereza, 1983 ukafanyika uchaguzi, Raúl Alfonsín akawa rais, na watu wale wakabaki na ujuzi wao bila mwajiri. Waargentina waliwapa jina la kejeli linaloweza kuwekwa hivi: vibarua waliokosa kazi.

Arquímedes Puccio ni wa kundi hilo. Ndiyo maana kwenye filamu anateka kwa utaratibu wa ofisini, bila jasho, akipiga simu za vibanda vya barabarani kwa sauti ya karani anayekukumbusha deni. Ndiyo maana pia kuna watu wakubwa wanaomlinda, mpaka siku wanapomwambia kwamba nyakati zimebadilika. Mtazamaji asiyejua historia hii anaona baba katili. Anayeijua anaona kwamba serikali nzima iliwahi kuwa na bafu la namna ile. Ni aya moja tu ya kusoma, na umeshaisoma.

Nyuso

Guillermo Francella ndiye sababu kubwa ya mimi kuiweka El Clan mbele. Kwao Argentina ni mchekeshaji, uso wa televisheni ambao ukitokea tu watu wanaanza kucheka. Trapero akampaka mvi, akamnyang'anya tabasamu, akamwacha na macho ambayo ni nadra kupepesa. Fikiria mchekeshaji unayempenda kuliko wote, yule ambaye watoto wanamwiga, umuone anamwambia mwanawe kwa upole kabisa kwamba safari hii wanamchukua rafiki yake. Huinuliwi sauti hata mara moja. Peter Lanzani, aliyemwigiza Alejandro, anabeba upande wa pili: kijana mwenye misuli ya raga anayenywea kila baba anapoingia chumbani.

Huyo Lanzani mshike vizuri, kwa sababu utamkuta tena kwenye El Ángel, safari hii kama Miguel, mshirika mwingine wa Carlitos. Na si yeye peke yake anayevuka. Mpiga picha wa filamu zote mbili ni mmoja, Julián Apezteguia. Mkono ule ule umeipaka El Clan rangi za nyumba iliyofungwa madirisha, kahawia na kijani kilichochoka, halafu ukaipaka El Ángel nyekundu, njano na buluu za jalada la santuri. Kampuni ya akina Almodóvar, ndugu watengeneza filamu wa Hispania, El Deseo, imeweka mkono kwenye zote mbili pia. Na Ortega mwenyewe, kabla ya El Ángel, aliongoza tamthilia ya vipande 11 kuhusu familia ile ile ya Puccio, Historia de un clan, iliyorushwa mwaka ule ule wa 2015, Chino Darín akiwa Alejandro na Cecilia Roth akiwa mama. Yaani hawa watu wamekuwa wakizunguka nyumba zile zile mbili kwa miaka.

Kwa msomaji wa Kenya kuna kamba nyingine ya kushangaza. Lanzani alirudi tena 2022 kwenye Argentina, 1985, filamu ya Santiago Mitre kuhusu kesi ya majenerali, iliyokuwa ikiendelea mahakamani miezi ile ile polisi walipovamia nyumba ya Puccio. Humo anaigiza mwendesha mashtaka kijana, msaidizi wa mwendesha mashtaka mkuu wa kesi hiyo, Julio Strassera. Jina la kijana huyo ni Luis Moreno Ocampo. Ndiyo, Ocampo yule yule ambaye Desemba 2010, akiwa mwendesha mashtaka wa mahakama ya The Hague, aliwataja Wakenya sita kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi, na jina lake likawa mdomoni mwa kila mwenye redio. Ukitaka kumwona alivyoanza, akiwa na nywele nyingi na jamaa zake wa karibu wakiwa upande wa jeshi, ni hiyo. Haina damu, na kwa anayependa mabishano ya mahakamani inaweza kuwa ndiyo chaguo lake na akaziacha hizi mbili nilizozipigania.

Muziki, damu, na nani awe sebuleni

Zote mbili zinatumia nyimbo za furaha mahali pasipostahili. El Clan inaweka Sunny Afternoon ya The Kinks juu ya utekaji, na kwa mara ya kwanza inakushtua kwelikweli. Mbinu hiyo hiyo ikirudiwa inapungua makali. Mara ya tatu nilihisi mwongozaji ananikonyeza. El Ángel, kwa upande wake, ni kama imejengwa juu ya nyimbo. Si ajabu: baba yake Ortega ni Palito Ortega, mmoja wa waimbaji waliopendwa sana Argentina miaka ya sitini, na mtoto amekua akijua wimbo mwepesi unavyoweza kufunika mambo mazito. Kwenye muziki El Ángel inashinda, hakuna ubishi.

Damu: El Ángel inaonyesha zaidi, lakini kwa ubaridi, risasi inalia na aliyepigwa wakati mwingine anasimama na kutembea hatua kadhaa kama aliyesahau kitu. El Clan inaonyesha kidogo na inakusikilizisha sana. Mimi cha kusikia ndicho kilichonisumbua usiku.

Zote mbili si za kuangalia na mkweo. El Clan ina tukio la mapenzi ndani ya gari lililopachikwa sambamba na mateso ya mateka, kwa makusudi, na sebule ikiwa na watu wazima wa pande mbili utaitafuta rimoti hutaiona. El Ángel ina miili mitupu na mambo ya kuelewana kimyakimya kati ya wanaume. Watoto walale kwanza.

Na usitegemee za kutafsiriwa na DJ. Wengi wetu uso wa Mlatini tuliuzoea kwenye tamthilia za Kimexico zilizowekewa sauti za Kiingereza, midomo inakwenda huku maneno yanakwenda kule. Hizi utazisikia kwa Kihispania chenyewe na maandishi ya chini, mara nyingi ya Kiingereza. El Clan ina maneno mengi na watu wanaongea kwa haraka wakikatizana, kwa hiyo simu ndogo itakuchosha macho. Tafuta skrini ya maana. El Ángel ukikosa nusu ya maandishi bado utaelewa, kwa sababu mengi yanasemwa na mwili wa yule kijana. Hata muda hauna tofauti ya kukufanya uamue, kila moja inakaribia saa mbili.

Kama unapima kwa tuzo na watu, El Clan ilimpa Trapero Simba wa Fedha wa mwongozaji bora kule Venice mwaka 2015, ikachukua Goya, tuzo ya filamu ya Hispania, ya filamu bora ya Iberoamerika, na watu zaidi ya milioni mbili na nusu waliifuata kwenye kumbi za Argentina. El Ángel ilizinduliwa Cannes 2018 na ikavuka watazamaji milioni moja kwao. Kila moja ilipelekwa na Argentina kugombea Oscar, na hakuna iliyoingia orodha ya mwisho. Mimi sijawahi kuchagua filamu kwa hesabu hizo, lakini najua wapo wanaochagua hivyo.

Basi ipi

Yule niliyemwambia aanze na El Ángel ni binamu yangu anayepiga video za muziki. Anachotafuta yeye ni namna ya kumsimamisha mtu kwenye fremu, rangi ya ukuta dhidi ya rangi ya shati, mwendo wa mtu anayejua anatazamwa. Kwake El Ángel ni darasa. Aliirudia kipande cha ile ngoma ya mwanzo mpaka nikamuomba apunguze sauti. Kama wewe ni wa namna hiyo, au umechoka na unataka filamu inayokubeba bila kukuuliza historia, au unapenda hadithi isiyotoa sababu, anza nayo. Ila wale wanawake walioachwa nje wakumbuke.

Wengine wote, hasa mliolelewa kwenye nyumba ambayo kuna mambo hayaulizwi mezani, El Clan. Isome ile aya ya historia tena kabla hujabonyeza, na usiondoke kabla ya picha ya mwisho kabisa. Sisemi ni nini. Shemeji yangu alisimama wima.

Ukizitafuta, andika na mwaka, 2015 na 2018, maana zipo filamu chungu nzima zenye majina ya ukoo na ya malaika, na binamu huyo huyo aliwahi kumaliza bando lake lote kwenye malaika asiye wake. Na usizifuatanishe usiku mmoja. Mimi nilijaribu: Lanzani alipotokea kwenye ya pili, nilimwona Alejandro katoroka kwao San Isidro, nikawa namsubiri baba yake aingie na sahani.